SAYYID SAID NA DOLA YA 1804

Ndugu Mhariri aliponiomba makala kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu, aliniachia uhuru wa kuchagua jambo lolote, mradi lisiwe maharage ya bwalo wala kengele ya asubuhi, kwa kuwa hayo yamekwisha kuandikwa na wenzangu tena kwa ufundi. Nimechagua kueleza maisha ya Sayyid Said bin Sultan. Sote tulifundishwa habari zake, tukazikariri kwa ajili ya mtihani, na wengi wetu tukaziacha palepale katika chumba cha mtihani. Mimi sikuweza kuziacha, na sababu yake ni sarafu moja.

Waliokuwa nami Kidato cha Tatu mwaka 1999 watakumbuka siku mwalimu wetu wa historia alipoingia darasani na kipande cha gazeti mfukoni. Alituambia kuwa huko Marekani, tarehe 30 Agosti, sarafu moja ya fedha ilikuwa imeuzwa mnadani kwa dola 4,140,000, na kwamba sarafu hiyo yaaminika kuwa ndiyo aliyopewa Sayyid Said na serikali ya Marekani. Darasa lilipiga kelele. Mimi sikupiga kelele, maana nilikuwa nawaza jambo la kwetu Miteja, ambalo nitalieleza nikifika mwisho.

Sayyid Said alizaliwa Samail, katika Oman, takriban mwaka 1791. Baba yake, Sultan bin Ahmad, ndiye aliyekuwa akitawala Maskati. Mwezi Novemba mwaka 1804 baba huyo aliuawa katika mapigano baharini, akamwacha kijana wake akiwa na umri wa miaka 13 hivi. Naomba msomaji auweke kichwani mwaka huo wa 1804, kwa sababu utarudi tena. Utawala ulishikwa na jamaa yao aitwaye Badr bin Saif kwa niaba ya watoto. Said hakungoja mpaka apewe nafasi. Mwaka 1806 alimuua Badr na kukishika kiti mwenyewe. Toka hapo alitawala miaka 50, hadi alipofariki.

Ukiyatazama maisha yake ya ujana utaona mtu wa vita. Lakini ukitazama aliyoyaacha utaona mfanyabiashara. Oman ni nchi kavu, yenye tende na samaki na bandari nzuri. Utajiri wake ulitoka baharini, na kwa Sayyid Said bahari ilimaanisha pwani yetu. Kilwa ilikuwa imekwisha kuwa chini ya Oman tangu miaka ya 1780. Mombasa, chini ya Wamazrui, ilimpinga kwa muda mrefu, na hakuitia mkononi kabisa mpaka mwaka 1837. Yeye mwenyewe alitia mguu Unguja kwa mara ya kwanza mwezi Januari mwaka 1828. Aliipenda nchi ile yenye mvua na maji matamu, akajenga jumba Mtoni, na kati ya mwaka 1832 na 1840 akayahamishia makao yake huko moja kwa moja. Mikarafuu ilikuwa imekwisha kuingia kisiwani kabla yake, lakini ni yeye aliyeifanya kuwa zao la nchi. Husimuliwa kwamba aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyefanya hivyo anyang'anywe shamba.

Katika safari hiyo ya 1828 alikutana Unguja na mfanyabiashara mmoja wa Kimarekani, Edmund Roberts, mwenyeji wa mji wa Portsmouth katika jimbo la New Hampshire. Roberts alikuwa hapati nafasi ya kufanya biashara kama alivyotaka, akapeleka malalamiko yake kwa Sayyid. Sayyid alimsikiliza, akamweleza kuwa angependa kufanya mapatano na serikali yake. Roberts alirudi kwao, akahangaika miaka kadhaa mpaka Rais Andrew Jackson akamtuma kama mjumbe. Tarehe 21 Septemba 1833 mkataba ulitiwa sahihi Maskati. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika bandari za Sayyid, nao wakakubali kulipa ushuru wa asilimia 5 tu kwa bidhaa walizozishusha. Mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters wa mji wa Salem, alifika Unguja. Hivyo Marekani ilikuwa na mwakilishi wake Unguja kabla ya Uingereza, ambayo wake alifika mwaka 1841. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu, ngozi na karafuu, pamoja na sandarusi iliyochimbwa kwetu Mrima, ambayo kwao ilitengenezewa vanishi. Zilileta kitambaa cheupe cha pamba. Bibi zetu walikiita kitambaa hicho marekani, na wengine waliita hivyo bila kujua kuwa hilo ni jina la nchi.

Mkataba ulipokubaliwa na Baraza la Senate mwaka 1834, Roberts alitakiwa kurudi Maskati kubadilishana hati. Mjumbe hawezi kwenda kwa mfalme mikono mitupu. Kwa hiyo, mwezi Novemba mwaka huo, Wizara ya Mambo ya Nje iliagiza kiwanda cha kupiga sarafu cha Philadelphia kitengeneze seti mbili za sarafu zote za Marekani, moja kwa ajili ya Sayyid Said na nyingine kwa ajili ya mfalme wa Siam, nchi ambayo leo tunaiita Thailand.

Hapo wakubwa wa kiwanda walipata tatizo. Dola ya fedha ilianza kupigwa mwaka 1794, zikatolewa 1,758 tu mwaka huo, na ikaendelea kupigwa mpaka mwaka 1804 iliposimamishwa, kwa sababu sarafu zilikuwa zikichukuliwa nje ya nchi kabla hazijatumika. Kwa miaka 30 hakuna dola ya fedha iliyopigwa. Seti bila dola ingekuwa sawa na mlo bila chumvi. Basi walifungua vitabu vyao, wakakuta kuwa katika mwaka 1804 zilipigwa dola 19,570. Wakachonga chapa mpya zenye mwaka huo, wakapiga dola chache, nzuri, zenye kung'aa kama kioo. Kumbe dola zile 19,570 zilipigwa kwa chapa za zamani, zilizoandikwa 1803 na kurudi nyuma. Kwa hiyo hapakupata kuwapo dola yenye mwaka 1804 mpaka siku ile ya 1834. Sarafu iliandikwa mwaka usio wake, tena si kwa nia ya kumdanganya mtu yeyote. Ni makarani waliokuwa wakitii kumbukumbu za ofisi. Sisi tunaofanya kazi katika majalada tunawaelewa.

Roberts aliondoka na zawadi zake katika meli ya kivita iitwayo Peacock. Mwezi Septemba 1835 meli hiyo ilikwama kwenye mwamba karibu na kisiwa cha Masira, na ikaponea chupuchupu. Roberts alitangulia Maskati kwa mashua kutafuta msaada, na Sayyid aliutoa bila kusita. Hati zilibadilishwa mwisho wa mwezi huo, na zawadi zikakabidhiwa. Ndivyo Sayyid Said alivyopata dola yenye mwaka 1804, mwaka ambao kwa Wamarekani ulikuwa tarakimu ya kitabuni, na kwake yeye ulikuwa mwaka aliouawa baba yake. Roberts hakurudi kwao. Alikufa Macao mwezi Juni 1836.

Zawadi ile haikuwa na kazi yoyote sokoni. Pesa iliyotumika katika nchi ya Sayyid Said ilikuwa reale, yaani ile sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria. Malkia huyo alifariki mwaka 1780. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Arabuni walikuwa wameizoea sura yake hata wakakataa nyingine, na kwa ajili hiyo Austria, na baadaye nchi nyingine pia, zikaendelea kuipiga sarafu hiyo miaka na miaka, daima ikiandikwa 1780. Nayo basi iliandikwa mwaka usio wake. Ukiziweka mbili hizo kwenye mizani utaona ajabu nyingine. Dola ya Marekani ina gramu 27 hivi, na fedha safi iliyomo ni gramu 24. Reale ina gramu 28, na fedha safi iliyomo ni gramu 23 na kidogo. Kwa sonara ni kitu kimoja.

Reale ndiyo iliyohesabiwa katika forodha ya Unguja, ambayo Sayyid aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, mashuhuri miongoni mwao akiwa Jairam Shivji. Ndiyo iliyohesabiwa Kilwa Kivinje pia. Hapa siwezi kupita haraka, kwa kuwa ndipo kwetu. Kutoka Miteja hadi Kivinje ni mwendo wa siku kwa miguu. Wakati wa Sayyid Said na wanawe Kivinje ilikuwa mlango mkubwa wa misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, na misafara hiyo ilileta pembe na watu. Watu hao waliuzwa, na ushuru wao ulitozwa kwa kichwa, kwa reale. Wengi walivushwa kwenda Unguja na Pemba kuitunza ile mikarafuu. Waingereza walimbana Sayyid mara mbili. Kwa mkataba wa 1822 alikataza kuuzwa watumwa kwa mataifa ya Kikristo, na kwa mkataba wa 1845, ulioanza kutumika 1847, alikataza wasipelekwe nje ya milki yake ya Afrika. Mikataba hiyo ilimpunguzia mapato, naye aliitia sahihi akijua hivyo. Lakini ndani ya milki, kutoka Kilwa hadi Unguja, njia ilibaki wazi. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873, wakati wa mwanawe Barghash.

Waliomjua Sayyid Said waliacha habari za mtu mpole kwa wageni, mwenye mavazi ya kawaida, asiyejivuna, na mwenye mkono wazi. Mwaka 1836 alimzawadia Mfalme wa Uingereza meli nzima ya mizinga 74, iitwayo Liverpool. Mwaka 1840 aliipeleka New York meli yake Sultana, chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa na karafuu, pembe, tende, ngozi na sandarusi, pamoja na farasi wawili na lulu za kumpa Rais. Watu wa New York walijaa bandarini kuwatazama mabaharia, na picha ya Ahmad bin Na'aman ikachorwa. Wamarekani waliitengeneza Sultana bila malipo. Lakini Katiba yao inamkataza mtumishi wa serikali kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Farasi wale wakapigwa mnada, na pesa zikaingia hazina. Sheria hiyo naipenda, ingawa naona haya kidogo kwa ajili ya farasi.

Mwaka 1856 alikuwa Oman, akaanza safari ya kurudi Unguja. Hakufika. Alifariki baharini karibu na Shelisheli, ndani ya meli yake Victoria, tarehe 19 Oktoba, akazikwa Unguja katika makaburi ya Makusurani. Aliacha watoto zaidi ya 30, miongoni mwao Bibi Salme, ambaye baadaye aliandika kitabu cha maisha ya jumba la Mtoni. Milki yake iligawanywa mwaka 1861. Majid alipewa Unguja na pwani yetu, Thuwaini akapewa Oman, na Unguja ikatakiwa kuilipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Hata urithi wa baba ulikatwa kwa reale.

Na dola yake? Sarafu ile ilijulikana tena ikiwa Uingereza, mikononi mwa mkusanyaji wa Liverpool aitwaye Charles A. Watters, na mwaka 1917 ikauzwa mnadani London. Huko Marekani wakusanyaji walikuwa wameshaona picha ya dola ya 1804 katika kitabu cha mwaka 1842 kilichotungwa na maofisa wawili wa kiwanda cha sarafu. Mwaka uliofuata mkusanyaji mmoja, Matthew Stickney, aliipata moja kutoka kiwandani kwa kubadilishana. Huyu alikuwa mtu wa Salem, mji uleule wa balozi Waters. Zilizopigwa kwanza, ambazo zinajulikana leo, ni 8. Nyingine 7 zilipigwa baadaye kwa siri ya watu wa kiwandani, wakijua kuwa wakusanyaji watazilipia. Jumla ni 15. Ile inayoaminika kuwa ya Sayyid Said ndiyo nzuri kuliko zote: wataalamu wameipa alama 68 kati ya 70. Baada ya mnada ule wa 1999 iliuzwa tena mwezi Agosti 2021 kwa dola 7,680,000.

Kazi yangu serikalini ni uthamini. Hupima nyumba, mashamba na minazi ya watu wanaotakiwa kupisha barabara au mradi, nikaandika fidia. Kwa hiyo niliitazama bei ile kama mthamini. Fedha iliyomo ndani ya sarafu haifiki hata thamani ya jozi ya viatu vizuri. Zilizobaki, dola milioni 7 na zaidi, ni malipo ya mambo matatu: uchache wake, uzima wake, na habari zake. Zipo dola nyingine za zamani ambazo ni chache. Moja ya 1794 iliuzwa mwaka 2013 kwa dola zaidi ya milioni 10. Lakini dola ya 1804 isingekuwa mashuhuri hivyo kama isingejulikana ilitengenezwa kwa nini, na nani alimpelekea nani. Mnunuzi analipia kisa.

Sasa niseme la Miteja. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na sarafu moja, aliyoifunga katika pindo la kitambaa na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake. Nilipata kuiona nilipokuwa mdogo, nikausoma mwaka wake: 1780. Msomaji anaweza kufahamu nilivyowaza siku ile darasani. Ikiwa ya 1804 imeuzwa kwa milioni nne za dola, ya 1780 itakuwaje? Tulipofunga shule mwezi Desemba niliharakisha nyumbani. Nilimwambia bibi kuwa nitampeleka Makka, nitamjengea nyumba ya bati. Alicheka, akaniita mume wake kama bibi zetu wanavyowaita wajukuu, na akanipa. Hakunieleza lolote juu ya ile sarafu, wala mimi sikumwuliza.

Niliipeleka mjini kwa mnunuzi wa vitu vya fedha. Aliitupa juu ya mizani, akanipa shilingi 3,000. Nilibisha, akacheka, akafungua droo na kunionyesha nyingine kama ile, zaidi ya kumi, zote zenye mwaka 1780. Niliona haya kurudi nayo kijijini baada ya ahadi zote zile, nikachukua pesa. Miaka mingi nilimwona kuwa ni mwizi. Nilipojifunza kazi yangu nilikaa siku moja nikapiga hesabu ya bei ya fedha ya mwaka ule, nikakuta alinipa thamani ya fedha iliyomo, karibu kamili. Hakuniibia.

Bibi hakunikaripia. Aliniuliza nimepewa kiasi gani. Nilipomwambia, alinyamaza kwa muda, halafu akanieleza jambo ambalo katika ukoo wetu halikuwa likisemwa. Sarafu ilikuwa ya bibi yake. Mwanamke huyo alifika pwani akiwa mtoto, kwa miguu, kutoka upande wa Nyasa, wakati wa watoto wa Sayyid Said, na hapo Kivinje alipimwa na kulipiwa kwa reale. Alizeeka Miteja. Alipokwisha kuwa huru alisuka mikeka, na reale ile ndiyo ya kwanza aliyoipata kwa mikono yake na kuwa mali yake. Hakuitumia. Alimwachia binti yake, na binti akamwachia bibi yangu.

Bibi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Sarafu sijaiona tena, na hata nikiiona sitaijua, kwa sababu zote zimeandikwa 1780. Dola ya Sayyid Said imepita mikono mingi na habari zake zimeandamana nayo, kwa kuwa kila aliyeishika alitaka kujua imetoka wapi. Reale ya bibi nayo ilikuwa na habari zake, na pengine ilikuwa peke yake duniani kama ile. Nikaiuza kwa uzito wa fedha.

Ndugu zangu, tutakapokutana mwezi ujao nitaomba dakika chache katika mkutano mkuu. Nina pendekezo kwamba kila mmoja wetu alete habari ya kitu kimoja cha zamani kilichoko kwao, iwe sarafu, kinu, hati au kaburi. Asilete kitu chenyewe. Alete karatasi iliyoandikwa kilikuwa cha nani na kilifikaje. Maktaba ya shule yetu ina kabati tupu karibu na dirisha la mashariki. Karatasi ya kwanza nimekwisha kuiandika.